Imamu wa Milango Minne

Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, anga lilipogeuka jekundu na mlima Nyiragongo ukaanza kumwaga moto wake kuelekea Goma, sisi wakaazi wa Gisenyi, ambao baina yetu na mji ule hapana ila kizuizi cha mpaka na hatua chache za lami, tulitoka nje tukasimama njiani kuwapokea majirani waliokuwa wakivuka kwa maelfu na magodoro vichwani. Na siku zilizofuata, ardhi ilipotetemeka mchana na usiku hata kuta zikapasuka na barabara ikafanya ufa, watu wengi wa mji wetu walikhiari kulala uwanjani kuliko kulala chini ya dari, na mwenye motokaa akaifanya motokaa yake kuwa chumba. Katika usiku mmoja wa siku hizo ndipo nilipofedheheshwa na mlango. Mama mkwe wangu, mtu mzima ambaye magoti yake hayapendi kungojeshwa, alikuwa amesimama gizani upande wa kulia wa Corolla yangu, ameshika mkono wa mlango wa nyuma, nami nikabonyeza kitufe cha rimoti. Milango mitatu ikaitika kwa sauti moja, wake ukanyamaza. Nikabonyeza tena, na tena, kana kwamba mlango ni mtoto mkaidi atakayetii akikaripiwa mara ya tano, hata mjukuu wangu, aliyekuwa amekwisha kaa ndani, akanyoosha mkono akakisogeza kijiti cha kitasa kwa kidole kimoja. "Babu," akasema, "si huu umefunguka?"

Mlango ule ulikuwa bubu tangu mwezi wa Februari, nami nilikuwa nikiuahirisha kwa hoja mashuhuri ya wavivu, kwamba maadamu gari linakwenda basi halina ugonjwa. Matetemeko yalipotulia niliufungua kwa mikono yangu, na baada ya huo nimefungua mingine, yangu na ya majirani, na nataka kumpa msomaji yale niliyoyakuta humo, kwa sababu kazi hii, pamoja na sura yake ya kutisha, ni miongoni mwa kazi sahali ambazo mtu asiye fundi aweza kuzifanya uani kwake kwa nusu siku, iwapo atakubali kutumia nadhari kabla ya kutumia bisibisi.

Kidole cha yule mtoto kilikwisha kutufundisha somo la kwanza, nalo ni kwamba umeme katika mlango wa gari ni khadimu tu, si mwenye nyumba. Ndani ya kila mlango mna komeo la chuma linaloikamata pete iliyokazwa kwenye nguzo ya gari, na juu ya komeo hilo mna kijiwiko kidogo, ambacho kikikaa upande mmoja mkono wa mlango hushika na kuvuta, na kikikaa upande wa pili mkono huvuta hewa tupu. Kazi ya kukipeleka huku na huku kijiwiko hicho ilikuwa ya kidole cha mtu au ya ufunguo wake. Na kampuni ya Packard ya Marekani ilipotia umeme katika kazi hiyo kwenye magari yake ya mwaka 1956, haikulibadili komeo, bali ilikiajiria kidole msaidizi. Msaidizi huyo ni mota ndogo yenye kimo kisichozidi kidole gumba, ambayo hupewa volti 12 kwa muda usiotimia hata sekunde moja, ikazungusha gia zake za plastiki na kuusukuma ufito. Na umeme ukigeuzwa njia, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, mota huzunguka kinyume na kuuvuta ufito ule ule nyuma. Hapana siri nyingine. Hata rimoti, ambayo Wafaransa huiita "plip" kwa kumkumbuka Paul Lipschutz aliyeibuni, na ambayo ilianza kuonekana kwenye gari la Renault Fuego mwaka 1982, haifanyi ila kupeleka habari kwa njia ya hewa badala ya njia ya waya. (Wenye Mercedes kongwe za miaka ya 1980 na wasome makala haya kwa kujiburudisha tu, maana wengi wao milango yao haina mota hata moja, bali ina vifuko vya mpira vinavyonyonywa na kupulizwa na pampu iliyofichwa nyuma ya gari, na maradhi yao ni ya hewa kuvuja, si ya umeme.)

Sasa, milango hiyo minne husali jamaa. Mlango wa dereva ndio imamu, na mitatu iliyobaki ni maamuma. Kitasa cha imamu hakipokei amri tu, bali hutoa habari pia: ndani yake mna swichi ndogo inayokiarifu kisanduku cha kuamrisha kwamba "nimefunga" au "nimefungua", na kisanduku kikaipitisha amri hiyo kwa maamuma. Kwa sababu hii, katika magari mengi ya rika la langu, mota ya mlango wa dereva huwa na nyaya tano, mbili za nguvu na tatu za kupeleka habari, ilhali mota za milango mingine aghalabu zina mbili tu. Msomaji na alishike neno hili, kwa maana asilimia kubwa ya fedha nilizopoteza katika shughuli hii nilizipoteza kwa kutolishika.

Kabla hujagusa skurubu, keti ndani ya gari, funga vioo ili kelele za nje zisikupoteze, bonyeza swichi, kisha sikiliza. Sauti ndiyo tabibu. Ikiwa milango yote minne imenyamaza, usiitie shaka mota yoyote, kwa sababu mota nne hazifi siku moja, kama vile watu wanne wa nyumba moja hawaugui jino siku moja. Anza na betri, ambayo ikipumzika na kupimwa yapasa isome volti 12.6 au karibu yake, na ikisoma chini ya 12 basi vitasa vinalia njaa tu. Kisha nenda kwenye sanduku la fyuzi, ambalo katika magari mengi limo chini ya dashibodi upande wa dereva, utafute fyuzi ya milango kwa kufuata ramani iliyochorwa juu ya kifuniko. Ukiikuta imekatika, weka nyingine yenye namba ile ile. Aliyeandikiwa 20 asipewe 30, na abadan usizungushe uzi wa waya badala ya fyuzi, kama nilivyoona ikifanywa na watu wazima wenye watoto. Fyuzi mpya nayo ikikatika papo hapo, mahali fulani waya umevuliwa ngozi na unagusa bati, na aghalabu mahali hapo ni kwenye bawaba za mlango wa imamu, ambako tutafika.

Ikiwa swichi ya mlangoni inafanya kazi na rimoti haifanyi, ugonjwa umo mkononi mwako, si mlangoni. Badilisha kijibetri chake, ambacho kimeandikwa CR2032 au CR2016 mgongoni, na uhakikishe unaweka chenye namba ile ile kwa kuwa unene wao hauko sawa. Ikiwa milango yote inafunga kisha kwa ghafla inajifungua yenyewe, kana kwamba imejutia, basi imamu anatoa habari mbili zinazopingana: ama swichi ndogo iliyo ndani ya kitasa chake imechakaa, ama mlango mmoja haukufungwa barabara, ama umeuacha ufunguo pale pa kuwashia na gari linakuhurumia lisije likakufungia nje. Ikiwa ni mlango mmoja tu ulionyamaza, jambo limekuwa jepesi zaidi, kwa sababu ni ama mota yake ama waya wake. Na ikiwa unausikia ukinguruma kwa ndani lakini kijiti hakiondoki mahali pake, mota i hai, ila ufito umechomoka kwenye kishikizo chake cha plastiki, au jino la gia limekatika.

Nitie neno la pembeni hapa kuhusu milango ya nyuma, kwa kuwa si mara moja wala mbili nimeitwa kutazama kitasa kisicho na ugonjwa. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, pale panapoonekana ukiufungua tu, pana kijiwiko kidogo kilichochorwa picha ya mtoto. Kikisukumwa, mlango haufunguki kwa ndani hata ukiuvuta kwa mikono miwili. Kitambaa cha kufutia gari kikipita hapo hukisogeza bila mtu kujua. Jirani yangu mmoja alikwisha kutenga fedha za kitasa kipya.

Tuchukulie basi kwamba umethibitisha kuwa ni mlango mmoja, na umekusudia kuufungua. Chagua siku isiyo na mvua, na hapa kwetu maana yake usijaribu baina ya Machi na Mei kama unaweza kungoja Juni. Mimi napenda alasiri ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi yetu ya jumuiya, ukiisha, kwa kuwa mwili umekwisha zoea kuinama. Pandisha kioo hadi juu, ukibandike kwa utepe mpana kisije kikateleza. Ukiona soketi yoyote ya rangi ya manjano, humo mna mambo ya mifuko ya hewa ya usalama: usiiguse kabla hujavua waya wa hasi wa betri na kungoja dakika kadhaa, na usiwashe gari hata kidogo ikiwa soketi hiyo imechomolewa. Kabla ya kuivua betri, yaulizie maandishi ya redio yako, maana ziko redio ambazo zikikatiwa umeme hugoma mpaka zipewe namba ya siri, na mwenye gari wa kwanza, aijuaye namba hiyo, alikwisha kufa au yuko Antwerp.

Bitana ya mlango, yaani ule ubao wa plastiki au wa kitambaa unaotazamana na abiria, haikushikwa na nguvu bali na hila. Skurubu zake zimefichwa: moja nyuma ya kikombe cha mkono wa ndani, moja au mbili chini ya mahali pa kuegemezea kiwiko, na mara nyingine moja kando ya ile pembetatu ya plastiki iliyo nyuma ya kioo cha pembeni. Ukizitoa zote, zilizobaki ni klipu zilizozunguka ukingo, na hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu huvuta kutoka juu; anzia chini, penyeza kabari ya plastiki au kijiko cha mbao kilichofungwa kitambaa, uziachie klipu moja baada ya moja, kisha uinyanyue bitana yote kwenda juu, kwa maana upande wa kioo imeangikwa, haikubanwa. Usiivute kwa pupa ikishaachia: bado imeunganishwa na mlango kwa nyaya za swichi na kwa ufito au kamba ya mkono wa ndani. Klipu mbili tatu zitavunjika, nawe usihuzunike; ndiyo zaka ya kazi hii, na mwenye busara hununua nyingine kabla hajaanza.

Nyuma ya bitana utaikuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Msomaji wangu, karatasi hiyo si takataka ya kiwandani. Mvua ya Gisenyi ikipiga kioo hushuka ndani ya mlango, nalo ni jambo lililokusudiwa, na karatasi hiyo ndiyo inayoyaelekeza maji kwenye matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango badala ya kuyaacha yaingie miguuni mwa abiria. Ibandue polepole kwa kuikata gundi kwa kisu, usiichane, uikunje juu. Na ukiwa papo, yachunguze yale matundu: katika mji ambao mavumbi yake yana chembe nyeusi za mawe ya volkano, huzibika upesi, mlango ukawa birika, na kitasa kikaoga kutu kila msimu. Kijiti cha kiberiti chatosha kuyazibua.

Sasa ushahidi. Ifuate ile soketi inayoingia kwenye kitasa, ichomoe, rudisha waya wa betri, kisha chukua taa ya kupimia, ambayo si kitu ila balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, uzitie nyaya zake kwenye matundu mawili ya nguvu. Mtu mwingine na abonyeze swichi. Balbu haijali chanya wala hasi, kwa hiyo yapasa iwake kwa kitambo wakati wa kufunga, na iwake kwa kitambo wakati wa kufungua. Ikiwaka mara zote mbili, waya hauna kosa na mota ndiyo mgonjwa. Ikiwaka mara moja tu, au isiwake kabisa, mota huenda ni mzima, na wewe ulikuwa karibu kuitupa. Kipimo hiki cha senti chache ndicho kinachotenganisha fundi na mbadilishaji wa vipuri.

Waya ukiwa ndio wenye lawama, usihangaike kuutafuta mlango mzima. Baina ya mlango na nguzo ya gari, karibu na bawaba, pana mpira uliokunjwakunjwa mfano wa mvukuto, na nyaya zote hupita humo. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya hizo hujikunja na kujikunjua, na mlango wa dereva, ambao hufunguliwa mara nyingi kuliko yote mitatu kwa pamoja, ndio unaotangulia kukata nyaya zake. Uchomoe mpira huo upande mmoja uurudishe nyuma, uvute kila waya kwa upole: ule uliokatika ndani ya ngozi yake utanyooka kama mpira wa manati. Hapa pana kosa wanalolifanya hata mafundi wenye jina, la kuunga mahali pale pale palipokatika. Lehemu huufanya waya kuwa mgumu, na kigumu kikikunjwa huvunjika. Basi tia kipande kipya cha waya laini kinachovuka mkunjo wote, uunge upande wa ndani ya gari na upande wa ndani ya mlango, wala si katikati, na maungio ya waya huu yasiwe sambamba na ya waya jirani, vinginevyo yatakusanyika kuwa kifundo kisichopenya. Na ukikuta, kama ninavyokuta mara kwa mara, kwamba mtu aliyetia king'ora cha wizi alizikata nyaya za kiwandani akazisokota kwa vidole na kuzivika utepe, usiende mbele kabla hujaziunga upya kwa lehemu. Nusu ya magonjwa ya vitasa yaliwekwa na watu waliokuja kuleta usalama.

Mota ikiwa ndiyo mgonjwa, yapasa kitasa kitoke. Katika Corolla na jamaa zake kimeshikwa na skurubu tatu kwenye ukingo wa mlango, zenye kichwa cha msalaba na zilizokazwa kwa gundi kiwandani, na hizo ndizo zitakazokutoa jasho: chagua bisibisi nene inayojaa kichwa barabara, igonge kwa nyundo mara mbili tatu ikae, kisha sukuma kwa uzito wa kifua ukizungusha. Ukiziviringisha vichwa kwa bisibisi nyembamba, umejinunulia siku ya pili ya kazi. Piga picha fito zote na vishikizo vyake kabla hujazitoa, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu aliyeinama saa mbili si ya kutumainiwa, na uvae glavu: bati la ndani ya mlango halikunolewa na mtu, lakini hukata kama lililonolewa.

Mwenye fedha atatia kitasa kizima kipya akaenda zake. Mimi nilikipasua cha zamani, na sijuti. Gamba lake la plastiki limegundishwa. Ukipitisha wembe kwenye mshono wake kwa subira, linafunguka kama chaza, na ndani utaiona mota ndogo ya aina ambayo kampuni ya Mabuchi ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1954, imeisambaza dunia nzima katika milango ya magari, umbo lake likijulikana kwa wauzaji kama FC-280. Haifi kwa kuungua. Hufa kwa makaa yake kuchakaa na kujaza masizi kwenye shaba inayozunguka, na ndiyo sababu huanza kwa kuitika asubuhi na kunyamaza mchana, au kusogeza kijiti nusu safari. Kwenye mhimili wake mna gia ndogo mithili ya parafujo: ichomoe kwa kuibandua polepole, uitie kwenye mota mpya kwa kiasi kile kile cha kina, wala usiipige nyundo. Ijaribu mota kwa betri kabla ya kufunga gamba, huku na huku. Gia zipake grisi nyeupe kidogo, si mafuta ya injini wala, kama alivyofanya sahibu yangu mmoja, samli. Na mota yenyewe usiipulizie mafuta ya aina yoyote, kwa kuwa makaa na mafuta hawapatani. Funga gamba kwa silikoni, uiache ikauke usiku mzima.

Ikiwa utalazimika kununua kitasa kilichotumika, basi rudi kwenye lile neno la imamu. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na mwaka 2005 serikali ilipiga marufuku kuingiza magari yenye usukani wa kulia. Kwa hiyo dereva wetu huketi kushoto, na imamu wetu ni mlango wa mbele wa kushoto. Lakini Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto, na magari yao, ambayo mengi yalitumika Japani, dereva wake huketi kulia. Maana yake ni kwamba vile vilima vya vipuri vya Kisekka mjini Kampala, vya Kirinyaga Road mjini Nairobi na vya Gerezani mjini Dar es Salaam ni vilima vya magari ambayo imamu wake husimama upande wa pili.

Mwaka mmoja baada ya tetemeko, imamu wangu mwenyewe alipougua, nilikwenda kwa muuzaji mmoja huko Mbugangari, kijana mwenye adabu, akanitolea kitasa kinachong'aa. "Mzee," akaniambia, "hiki ni cha mbele kushoto, kama chako, kimetoka Kampala juzi." Nikakilipia, nikakifikisha nyumbani, nikafungua mlango, nikakuta soketi yake haina pini za kupelekea habari wala mahali pa kushika ufito wa ufunguo. Hakusema uongo yule kijana. Kilikuwa cha mbele kushoto, ila mbele kushoto ya Kampala hukaa abiria. Na cha mbele kulia cha gari lile lile, ambacho ndicho kilichokuwa na nyaya zote, hakikai kwenye mlango wangu kwa sababu kimegeuzwa kama uso katika kioo. Basi kwa kitasa cha dereva, muulize muuzaji usukani wa gari ulikuwa wapi kabla hujauliza bei, na upendelee vilivyotoka Ulaya, Marekani au Dubai. Ukivuka kwenda Goma, fanya hadhari maradufu, maana ijapokuwa Kongo nayo huendesha kulia, mitaani utaona usukani wa pande zote mbili, na vipuri vyao vimechanganyika vivyo hivyo. Vitasa vya milango ya nyuma havina taabu hiyo. Vya pande zote mbili za Afrika Mashariki aghalabu hulingana, bali hesabu pini za soketi yako ukiwa nayo mkononi.

Imebaki hatua ndogo ambayo imewatia watu wengi katika msiba. Ukishakirudisha kitasa, fito zake na soketi yake, usiufunge mlango. Wewe bado hujui kama ufito wa mkono umeshika, na mlango uliofungwa huku ufito umening'inia hauna wa kuufungua, si kwa nje wala kwa ndani, na bitana huwezi kuivua mlango ukiwa umefungwa pasipo kuivunja. Badala yake, mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa komeo kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili, kana kwamba umeikamata pete ya nguzo. Vuta mkono wa nje, ulimi uachie. Usukume tena, vuta mkono wa ndani, uachie. Kisha ufunge na kuufungua kwa swichi mara nne au tano, usizidi sana, kwa kuwa mota ikichoshwa hupata joto na kujipumzisha yenyewe, nawe ukadhani imekufa upya. Yote yakitii, bandika karatasi ya nailoni, angika bitana, kaza skurubu, shusha kioo ili mkono uwe na njia ya kuingia likitokea la kutokea, ndipo uufunge.

Mlango wangu wa nyuma wa kulia huitika pamoja na wenzake tangu siku ile. Mama mkwe wangu, hata hivyo, huzunguka gari na kupandia kushoto.